Dakika Kumi za Maswali

Mwezi wa Novemba mwaka juzi, watafiti wa wanyamapori na kilimo walikutana Mugumu kwa siku tatu, katika ukumbi wa hoteli. Kati ya wenyeviti saba wa vikao, mwanamke alikuwa mmoja tu: Dokta Bhoke Waitara, mhadhiri wa chuo kikuu, mwenye miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Kerende kule Nyamongo. Alipewa kikao cha siku ya pili mchana. Mzungumzaji mkuu wa kikao hicho alikuwa Profesa Sadock, ambaye alimsimamia Bhoke wakati akisoma shahada ya uzamivu na ambaye bado alikuwa mkuu wake katika mradi wa mizinga ya nyuki.

Mradi wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Tembo wanaogopa nyuki. Ukizungushia shamba waya na kuning'iniza mizinga, tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anakimbia. Kwa miaka miwili walikuwa wakiujaribu uzio huo kwenye mashamba ya Issenye, na mtu aliyezunguka mashamba hayo kila wiki kwa baiskeli, akifungua mizinga na kuandika alichokikuta, alikuwa Elieth.

Elieth alikuwa na miaka ishirini na mitano na stashahada ya wanyamapori, mtoto wa Issenye hukohuko. Bhoke ndiye aliyemchagua kati ya waombaji arobaini. Ndiye pia aliyembana Profesa mpaka akakubali msichana huyo aje kwenye kongamano. "Lazima aone wenzake wanavyofanya," alimwambia.

Siku hiyo wakati wa chakula cha mchana, Elieth alimfuata akiwa na sahani ya wali ambayo hajaigusa.

"Dokta, nimeona slaidi za Profesa. Miezi ya Julai, Agosti na Septemba haipo."

"Alisema data zake hazijakamilika."

"Zimekamilika. Nilizikusanya mimi. Mwezi wa nane, kwenye mizinga sitini, arobaini na moja ilikuwa mitupu. Maji yakikauka nyuki wanahama. Na hapo ndipo mahindi na mtama vinakuwa vimekomaa, tembo wanaingia. Yeye anasema uzio unazuia tembo saba kati ya kumi. Ni kweli, lakini ni mwezi wa nne. Mwezi wa nane hawazuiliwi na kitu."

Bhoke alijua. Jedwali la hesabu hizo lilikuwa kwenye barua pepe yake tangu mwisho wa Septemba. Alilisoma mpaka mstari wa mwisho, akaona ni sahihi, akalifunga.

"Nataka kumuuliza kwenye maswali," Elieth akasema.

"Mbele ya watu?"

"Kwa heshima tu. Nitauliza hiyo miezi iko wapi."

"Subiri kwanza, mdogo wangu. Hii mikutano hujaizoea. Ukimuuliza profesa swali la namna hiyo, watu watasahau swali, watakukumbuka wewe. Niachie mimi, nitaongea naye pembeni."

"Leo?"

"Leo hii hii."

Hakuwa anasema tu. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na saba, aliwahi kusimama kwenye kongamano Dar es Salaam akamuuliza mzee mmoja maarufu kuhusu hesabu zake. Yule mzee alivua miwani, akamwambia, "Binti, kasome kwanza, halafu urudi." Ukumbi mzima ulicheka. Baada ya hapo Bhoke alimaliza miaka mitano bila kuuliza swali mahali popote palipo na watu zaidi ya kumi. Alimpenda Elieth, na hakutaka yampate hayo.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Mwezi huo faili lake la kupandishwa cheo kuwa profesa mshiriki lilikuwa mbele ya kamati, na Profesa Sadock alikuwa mmoja wa watu watatu walioombwa kulisemea.

Profesa alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Aliwachekesha watu kwa kisa cha tembo aliyekimbia nyuki mpaka akaangusha choo cha shule. Alionyesha grafu, akasema tembo saba kati ya kumi, na watu wa halmashauri waliokaa mstari wa mbele wakaandika. Alipomaliza walipiga makofi. Bhoke akatangaza kwamba kuna dakika kumi za maswali.

Mikono sita ilinyooshwa. Mkono wa Elieth ulikuwa mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango. Bhoke aliuona mara moja. Akampa nafasi bwana mmoja kutoka Mwanza, ambaye hakuwa na swali bali alikuwa na historia ndefu ya kazi zake mwenyewe. Mkono wa nyuma ukabaki juu. Akampa nafasi mtu wa pili, mwanaume, akauliza bei ya mizinga. Elieth alibadilisha mkono, akanyoosha wa kushoto. Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Bhoke akageuka kumtazama mzee Nelson, rafiki wa siku nyingi wa Profesa, ambaye wala hakuwa amenyoosha mkono, akamwambia, "Mzee Nelson, hatuwezi kumaliza bila neno lako."

Mzee Nelson akasimama, akasifu.

Wakati mzee huyo akiongea, macho ya Bhoke na ya Elieth yalikutana. Msichana hakukunja uso. Alimtazama tu kama anayeuliza kama kuna kitu hajaelewa. Kisha akashusha mkono, na Bhoke akasema kwenye kipaza sauti kwamba kwa bahati mbaya muda umekwisha.

Jioni alimfuata Profesa kwenye bustani ya hoteli. Alikuwa amejiandaa. Profesa alikuwa akiwaonyesha watu picha za wajukuu zake kwenye simu.

"Bhoke! Umekiendesha vizuri kile kikao. Hukuwaacha watu walete fujo."

"Asante, Prof. Hongera kwa mada."

Alisubiri kidogo. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, kwamba miezi mitatu ya kiangazi lazima iingizwe. Profesa akamuonyesha picha ya mjukuu aliyeanza kutambaa, naye akasema mtoto ni mzuri, akaaga.

Kesho yake asubuhi Elieth alimsalimia, "Shikamoo, Dokta," akaitikiwa. Hakuuliza kama ameongea na Profesa.

Wiki mbili baadaye Bhoke alipokea ripoti kutoka kwa Precious, katibu wa kongamano. Precious alikuwa na utaratibu wake: kwa siku zote tatu aliweka watu wa kuandika nani ameuliza swali, mwanamke au mwanaume, na yuko ngazi gani. Maswali yalikuwa sitini na tatu. Wanawake walikuwa karibu theluthi ya waliohudhuria, lakini waliuliza maswali saba, na wote waliouliza walikuwa na shahada ya uzamivu. Vijana wa kike wa ngazi za chini, wasaidizi wa utafiti na wanafunzi, hawakuuliza hata moja. Precious aliandika, "Dokta, wewe ni dada yetu mkubwa kwenye fani. Tunaomba maoni yako mafupi tuyaweke mwisho wa ripoti."

Bhoke alikaa na ombi hilo siku mbili. Ripoti ilihesabu waliouliza. Waliotaka kuuliza wakanyimwa hawakuwa na safu yao. Siku ya tatu akaandika hivi: "Takwimu hizi zinasikitisha. Wanasayansi wetu vijana wa kike wanahitaji kuhimizwa wajiamini na waondoe woga."

Alituma, kisha akafunga kompyuta haraka, kama mtu aliyetupa takataka kwenye kiwanja cha jirani.

Mwezi wa Februari alipandishwa cheo. Mwezi huohuo halmashauri na wafadhili walikubaliana kuongeza uzio wa mizinga kwa familia nyingine themanini za Issenye. Wakulima waliambiwa waache kamba zilizopakwa pilipili za kufukuza tembo na zamu za kulinda walizokuwa wakipangiana, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kisayansi. Elieth alifanya kazi mpaka mwezi wa tatu, akaandika barua ya mistari miwili kuacha kazi. Bhoke aliipokea akajiambia vijana wa siku hizi hawatulii. Alipolisema hilo kwa sauti, sauti yake mwenyewe ilimkera.

Wiki ya mwisho ya Julai tembo kumi na wawili waliingia Issenye. Mizinga ilitikisika, hakuna kilichotoka. Kulipopambazuka, shamba la mama Neema, mjane mmoja kati ya wale themanini walioongezwa, lilikuwa limelala chini lote, mtama na mahindi. Shemeji na jirani yake, mzee Simoni, alitoka kwake akipiga debe kuwafukuza waliobaki, na jike mmoja mwenye mtoto akamgeukia. Alivunjika paja mahali pawili. Aliishi, ila daktari alisema mguu huo hautarudi kama zamani.

Bhoke alisikia habari hiyo akiwa ofisini, kwa simu. Aliyempigia alikuwa mtendaji wa kijiji, Werema, ambaye alitaka tu kujua ni lini watu wa mradi watakuja kuandika hasara. Baada ya simu kukatika alifungua barua pepe ya Elieth ya ile Septemba. Arobaini na moja kati ya sitini. Tarehe zote zilikuwepo. Siku hiyo alikuwa na kipindi cha wanafunzi wa mwaka wa pili. Alikwenda, akafundisha saa mbili, na baadaye hakukumbuka alifundisha nini.

Ilimchukua mpaka Septemba kwenda. Alisingizia mitihani, kisha gari. Mwisho alipanda basi mpaka Mugumu, akachukua bodaboda mpaka Issenye. Dereva alimpeleka moja kwa moja, maana kila mtu alijua alipo Elieth: alikuwa anauza dawa za mifugo kwenye duka dogo karibu na sekondari. Alimkuta anamweleza mzee mmoja namna ya kupima dawa ya kupe.

"Shikamoo, Dokta." Kisha akajisahihisha. "Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Niite dada tu."

Elieth alimpa kiti cha plastiki, akamalizana na mteja, akaja kukaa upande wa pili wa kaunta.

Bhoke alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Alisema aliuona mkono wake siku ile. Alisema hakuongea na Profesa kama alivyoahidi. Alisema kuhusu faili la kupanda cheo. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote, na aliisema akiangalia chupa za dawa kwenye rafu. Elieth alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa muda mrefu nilifikiri hukuniona," akasema. "Nilikuwa nyuma, mlangoni, na mwanga ulikuwa unatokea nyuma yangu. Nilijiambia Dokta hakuniona. Halafu nikasoma ile ripoti. Ulichoandika, kwamba tujiamini."

Bhoke alifunika uso.

"Nilikuwa ninajiamini, Dokta. Mikono yote miwili niliinyoosha."

Ng'ombe walipita barabarani na vumbi lao. Walingoja wapite.

"Nifanye nini?" Bhoke akauliza. "Naweza kuandika makala mpya ya mradi, jina lako liwe la kwanza. Naweza kuandikia kamati ya kongamano."

"Hayo ni ya kwenu huko. Kawaambie kwanza watu wa hapa."

"Niwaambie nini?"

"Hayo hayo uliyoniambia mimi. Wanafikiri nyuki ndio walioshindwa. Mama Neema anasema labda hakuitunza mizinga vizuri. Anajilaumu."

Mkutano ulifanyika Jumamosi iliyofuata saa tisa, kwenye darasa la shule ya msingi. Walikuja watu kama hamsini. Mzee Simoni aliletwa kwa bodaboda, akakaa kwenye dawati la mbele, magongo yake mawili yakiwa mapajani. Werema alimtambulisha Bhoke kama mtaalamu aliyekuja kueleza kilichotokea. Elieth alikuwa amesimama dirishani, nje.

Bhoke aliwaeleza kuhusu miezi ya kiangazi, maji na nyuki wanaohama. Alieleza vizuri, hiyo ilikuwa kazi yake. Watu walitikisa vichwa kukubali. Wengine walisema hilo hata wao waliliona. Kisha mama Neema, aliyekaa karibu na mzee Simoni, alinyanyuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa umri kama wa Bhoke, khanga kiunoni.

"Mtaalamu, haya unayotuambia, ulijua lini?"

Bhoke angeweza kusema utafiti uligundua baadaye. Wenzake wengi wangesema hivyo, na hapakuwa na mtu pale wa kumpinga isipokuwa mmoja aliye dirishani, ambaye asingesema neno.

"Mwaka jana, mwezi wa tisa," akasema. "Kabla hamjaletewa mizinga. Binti yenu Elieth alikuwa amehesabu, akaniletea. Alitaka kuuliza mbele ya wakubwa, nikamnyima nafasi. Nilikuwa naogopa kukosa kupandishwa cheo."

Darasa likalipuka. Kikurya, Kiikoma, Kiswahili, vyote pamoja. Mwanaume mmoja alisema watu wa namna hii wapelekwe polisi. Mama mmoja mzee alianza kulia. Mzee Simoni aligeuza shingo kumtazama Elieth dirishani, akamtazama muda mrefu, kisha akainua gongo moja kama anayesalimia.

Mama Neema alikuwa bado amesimama. Kelele zilipopungua akasema, "Mimi nilikuwa najisema. Kila siku najisema. Watoto walilala na uji na nikajisema." Akakaa. Hakusema kwamba amesamehe, na hakusema kwamba hajasamehe. Werema akarudisha mkutano kwenye jambo la kamba za pilipili na zamu za kulinda, nani aanze, na watu wakaanza kuandikishana majina. Bhoke alibaki mbele yao. Hakukuwa na mtu tena aliyemhitaji.

Mwezi wa kumi aliandika kwa kamati ya kongamano na kwa wafadhili, akaambatanisha jedwali la Elieth. Profesa Sadock alimpigia simu mara moja tu. "Umeniaibisha mimi, nikiwa nimekulea," akasema, na Bhoke akajibu kwamba ni kweli alimlea. Tangu siku hiyo hawaongei. Chuoni watu walipungua kwenye meza yake ya chai. Cheo hakuna aliyemnyang'anya, na kila alipoliona jina lake mlangoni na hicho cheo, aliingia ndani haraka.

Desemba Elieth alimpigia. Alikuwa ameomba nafasi ya shahada ya kwanza kwenye chuo kingine, mkoa mwingine, na walitaka barua ya mtu aliyewahi kumsimamia kazi.

"Sina mwingine wa kumuomba," akasema wazi.

Bhoke aliandika barua hiyo asubuhi yote ya Jumapili, hata kanisani hakwenda. Aliandika jinsi Elieth alivyozunguka mashamba kumi na manne kwa miaka miwili bila kukosa wiki hata moja. Aliandika kuhusu jedwali. Kisha akaandika aya ndefu kuhusu siku ya Mugumu: mkono, mzee Nelson, faili, ripoti ya Precious, mguu wa mzee Simoni. Aliandika kwamba yeye, mwandishi wa barua hii, ndiye aliyemkwamisha msichana huyu na kwamba hatajisamehe. Alilia akiiandika, na alipomaliza alihisi kifua kimekuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Julai. Akamtumia Elieth aisome kabla ya kuipeleka.

Jibu lilikuja kwa simu, baada ya saa moja.

"Nimeisoma. Asante. Ukurasa wa kwanza ni mzuri sana."

"Na wa pili?"

"Wa pili uondoe."

"Elieth, nataka wajue ukweli."

"Ukweli ulishawaambia wanaohusika. Nilikuwepo, nilikusikia, na mama Neema alikusikia." Sauti yake haikuwa na hasira. Nyuma yake mtu alikuwa anauliza dawa ya minyoo ya mbuzi, naye akamwambia angoje kidogo. "Dokta, hii barua ni yangu. Watu wa chuo wakiisoma waone mimi nimefanya nini. Sasa ukurasa mzima unakuhusu wewe."



"Siyo mahali pake," Elieth akasema, taratibu zaidi. "Mwisho wa kupokea ni Jumatano. Naomba uwahi."

"Nitaituma leo."

"Haya. Nina wateja."

Bhoke alirudi kwenye kompyuta, akachagua aya yote, kuanzia Mugumu mpaka kwenye kutojisamehe, akaifuta. Barua ikabaki ukurasa mmoja. Alisoma tena majina ya mashamba, idadi ya wiki, idadi ya mizinga, akasahihisha tarehe moja, akaweka sahihi. Ile nafuu ya kifua ilikuwa imeondoka, na alijua kwamba hakuna mtu mwingine wa kumpelekea mzigo huo. Akabonyeza kutuma.